Mlango ulifunika silabi, mteja akaisikia hivyo hivyo: uzi wa ubongo na sauti za maneno

Fundi wa Magodoro (mleta mada) #1

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni kurekodi na kukata sauti: matangazo ya redio, vitabu vya kusikiliza, na zile sauti za simu zinazokwambia bonyeza moja. Miaka tisa nimo ndani ya chumba chenye magodoro ukutani. Kilichonileta jukwaani leo ni tangazo la sabuni.

Msomaji alikuwa anasoma "inasafisha bila kuchubua". Alipofika katikati ya "inasafisha", mtu akabamiza mlango wa stoo. Sikugundua mpaka usiku, dada wa watu ameshalipwa na ameshaenda zake. Ile "fi" imemezwa, haiokoleki. Nikakata kipande chote, nikaacha kimya mahali pake, urefu ule ule, nikamrushia mteja nione kama atapitisha. Hazikupita dakika tano akapiga: "Fundi, hapo kwenye inasafisha pamekatika."

Kweli pamekatika. Basi nikafanya ubishi wangu. Nikaenda kuubamiza ule mlango mwenyewe, nikarekodi kishindo kitupu, nikakipachika palepale penye kimya. Nikamrushia. Akasikiliza mara mbili. "Sasa sawa, neno limetimia. Ila kuna mlango kwa nyuma, upunguze kidogo."

Jamani, silabi haikuwepo mara zote mbili! Nikiweka kimya anaikosa, nikiweka kelele anaisikia. Na mimi niliyeikata kwa mkono wangu, nikifumba macho naisikia pia.

Nilidhani nimegundua kitu. Kumbe Mmarekani Richard Warren alishalifanya hilo mwaka 1970. Alichukua sentensi ya Kiingereza, akakata s moja katikati ya neno refu, akapachika kikohozi. Kati ya watu 20 waliosikiliza, 19 walisema hakuna sauti iliyokosekana, na yule mmoja aliyesema ipo akataja isiyo yenyewe. Hata walipoulizwa kikohozi kilitokea wapi hasa, hawakuweza kupaonyesha.

Mwaka 2016 wataalamu wa chuo kikuu cha California pale San Francisco wakaenda mbali zaidi, wakachungulia ubongo wenyewe. Kuna maneno mawili ya Kiingereza, faster na factor, yanayotofautiana sauti moja tu ya katikati. Wakaifuta sauti hiyo, wakaweka kelele. Msikilizaji mara husikia hili, mara lile, na kelele ni ile ile. Sehemu ya ubongo inayoshughulikia sauti ikawa inafanya kazi kana kwamba sauti aliyodai kuisikia ilikuwepo kweli, papo hapo, si baada ya kutafakari. Halafu kuna sehemu ya mbele ya ubongo ambayo kabla kelele haijafika, ilikuwa imeshaonyesha dalili ya neno gani litasikika.

Rudia kusoma hiyo sentensi ya mwisho. Mimi niliisoma mara nne.

Nitaendelea, kuna kazi ya mtu hapa.

---

Kisiki cha Mpingo #2

Nimeweka kambi. Mkuu usitukimbie kama yule wa uzi wa kufuga kware.

---

Mzee Hataki Utani #3

Chai. Mteja wako alikuwa anaendesha gari, hakusikiliza vizuri. Mnapenda sana kukuza mambo.

---

Fundi wa Magodoro #4

Mzee Hataki Utani, inawezekana. Lakini rekodi sauti yako kwenye simu, kata silabi moja, pachika kofi, mpe mkeo asikilize bila kumwambia. Kisha urudi hapa na hiyo chai yako.

Nianze na njia ya sauti maana wengi tuliishia kwenye ule mchoro wa sikio wa darasani. Hewa inatikisa kiwambo cha sikio, kiwambo kinatikisa vifupa vitatu, vifupa vinasukuma maji ndani ya koklea, kile kimfereji kilichojisokota kama konokono. Ndani yake kuna utando. Sauti kali na nyembamba zinautikisa mwanzoni mwa koklea, sauti nzito zinautikisa huko mwisho kabisa kwenye ncha. Georg von Békésy aliichunguza hali hiyo kwenye masikio ya maiti, akapewa Nobeli mwaka 1961. Seli zenye vinyweleo zinazofanya kazi kubwa ya kupeleka habari juu ni kama 3,500 tu kila sikio. Ukilinganisha na idadi ya vidoti kwenye kamera ya simu yako, ni aibu. Na kwa hizo unafuatilia taarabu, unamtambua shemeji yako kwa kikohozi tu.

Kutoka hapo habari inapanda kwa mshipa wa neva wenye nyuzi kama 30,000, inapita vituo kadhaa kwenye shina la ubongo, mpaka kwenye gamba la ubongo. Kituo cha kwanza huko juu ni tuta dogo lililojificha ndani ya mkunjo, linaitwa tuta la Heschl, kwa jina la Mwaustria aliyelieleza karne ya 19. (Nasema tuta kwa sababu gamba la ubongo kwa kweli linafanana na shamba la viazi: tuta, mfereji, tuta.) Hapo sauti bado zimepangwa kama vibao vya kinanda, nzito huku, nyembamba kule. Nje yake, kwenye uso wa ubongo, kuna tuta refu. Weka kidole juu kidogo ya sikio, nyuma ya panja, umelielekea. Huko ndiko maneno yanakopatikana, na upande wenye kazi ya maneno ni wa kushoto.

Sasa shida ninayoiona mimi kwenye skrini kila siku. Mtu akisema "amekaa pale pembeni", usidhani utaona maneno matatu na nafasi mbili. Utaona mlima mmoja mrefu wenye mapengo, na mapengo hayapo kati ya maneno. Yapo NDANI ya maneno! Pengo la kwanza ni k ya "amekaa", maana k ni nini? Ni mdomo umezibwa kwa nyuma, kimya cha chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, halafu mlipuko mdogo. Mapengo mengine ni p. Kati ya "amekaa" na "pale" hakuna mpaka wowote zaidi ya kimya cha hiyo p yenyewe. Vijana ninaowafundisha kukata sauti wote wanaanza kwa kukata penye kimya, wote wanakata neno katikati.

Kwa hiyo ile nafasi unayoisikia kati ya neno na neno haimo hewani. Unaitia wewe. Ndiyo maana ukikuta watu wanaongea lugha usiyoijua unaona wanakimbia sana. Hawakimbii. Ila huna wa kukukatia.

---

Binti Fasihi #5

Naomba kuuliza, mimi nafundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita. Watoto wananisumbua kila mwaka wakifika fonolojia: "Madam, vipasuo, vikwamizi, nazali, vinatusaidia nini maishani?" Mimi huwajibu vinasaidia kwenye mtihani, basi. Je, ubongo una habari na hayo makundi au ni ya kwenye daftari tu?

---

Fundi wa Magodoro #6

Madam, hili swali ningelilipia.

Mwaka 2014 ilitoka kazi kwenye jarida la Science, ya Nima Mesgarani na Edward Chang na wenzao, San Francisco hiyo hiyo. Chang ni daktari wa upasuaji wa ubongo. Wagonjwa wa kifafa ambao dawa zimeshindwa hufunguliwa fuvu na kutandikiwa elektrodi (vidude vya kunasa umeme wa ubongo) juu ya ubongo, wakakaa nazo wodini siku kadhaa ili ijulikane degedege linaanzia wapi kabla ya kukata. Katika kusubiri huko, anayependa anajitolea kusikiliza vitu. Hao walikuwa sita. Wakasikilizishwa sentensi 500 za Kiingereza zilizosomwa na watu 400 tofauti, wake kwa waume.

Swali lilikuwa: kuna kisehemu cha kusikia b, kisehemu cha kusikia d, na kadhalika, kama herufi kwenye kibodi?

Hapana. Elektrodi moja ilikuwa inaruka kila ikija p, t, k, b, d, g, zote. Jirani yake haijali hizo kabisa, inaruka zikija s, sh, z. Nyingine m, n na ng' tu. Nyingine irabu, na zenyewe zinagawana: hizi za i na jamaa zake, zile za a na jamaa zake.

Yaani vipasuo, vikwamizi, nazali, irabu. Jedwali lako lile lile, Madam, ila limechorwa kwenye nyama. Na kilichogawanya makundi kwa nguvu zaidi ni JINSI ya kutamka (umeziba, umekwamisha, umepitishia puani) kuliko MAHALI pa kutamkia. Mlio wa p na mlio wa k vinafanana kwa macho yangu kwenye skrini kuliko p na m, ingawa p na m zote ni za midomo. Ubongo unaonekana kufuata mlio.

Sasa b inapatikanaje kama hakuna mwenye b? Kwa kuungana. Mwenye vipasuo kasema "ni yetu", mwingine anayejali sauti yenye mtetemo kasema "hata mimi", mwingine anayefuatilia mwanzo wa irabu kasema lake. Wakikutana hapo ndiyo b. Mimi naiona kama kamati ya harusi: hakuna mjumbe mmoja anayejua bajeti nzima.

Waambie watoto.

---

Binti Fasihi #7

Nimeipiga picha. Jumatatu inaingia ubaoni.

---

Mura wa Mpakani #8

Mimi sina utani leo. Mimi ni Mkurya. Lugha yetu ina r, hiyo l wanayosema watu hatuna. Nilipoanza shule mwalimu ananiambia soma "lala", nasoma "rara". Fimbo. Rudia. "Rara." Fimbo. Darasa linacheka. Kilichoniuma siyo fimbo, ni kwamba nilikuwa SISIKII wanachocheka. Kwa masikio yangu mwalimu alisema kitu na mimi nimesema kitu hicho hicho. Nilidhani wamekubaliana kunionea.

Mpaka leo nikiandika meseji naangalia mara mbili: kula, kura. Mke wangu ni wa Tanga, ananicheka mbele ya watoto.

Fundi, huko kwenye ubongo kuna maelezo yoyote au mimi tu ndiyo mzito?

---

Fundi wa Magodoro #9

Mura, wewe si mzito. Na huko peke yako: Wakikuyu wana r bila l kama nyinyi, na Wajapani ndiyo maarufu duniani nzima kwa hilo, wamechunguzwa kuliko mtu yeyote.

Mtoto mchanga anazaliwa masikio yako wazi kwa sauti karibu za lugha zote. Patricia Kuhl na wenzake waliwapima watoto wa Marekani na wa Japani kwa r na l za Kiingereza. Wakiwa na miezi 6 hadi 8, hakuna tofauti, wote wanazitenganisha sawasawa. Miezi 10 hadi 12, watoto wa Marekani wamepanda, wa Japani wameshuka. Miezi miwili mitatu tu hapo katikati! Kabla yake, mwaka 1984, Janet Werker na Richard Tees walishaonyesha jambo hilo hilo Kanada kwa sauti za Kihindi: watoto wa nyumba za Kiingereza wanazisikia wakiwa na miezi 6, wanakaribia mwaka wamezipoteza.

Siyo kwamba sikio limeziba. Mlio unafika. Ila ubongo umeshajifunza kwamba kwa nyumba hii tofauti hiyo haina kazi, ukaifungia kapu moja. Wewe kwenye umri wa kutambaa ulikuwa umeshajua Kikurya vizuri. Mwalimu alikukuta miaka sita baadaye na fimbo.

Ushahidi wa kwenye ubongo nao upo. Wafini wana kipimo kizuri sana, kiligunduliwa na Risto Näätänen na wenzake mwaka 1978. Mtu anavalishwa kofia yenye elektrodi, anaangalia filamu isiyo na sauti, wala haambiwi asikilize. Masikioni anapigiwa: e e e e e ö e e e. Ikija ile ya tofauti, baada ya kama moja ya tano ya sekunde umeme wa ubongo unatikisika, hata kama mwenyewe hakutilia maanani. Mwaka 1997 wakalinganisha Wafini na Waestonia. Lugha zao ni ndugu, ila Waestonia wana irabu moja, õ, ambayo Wafini hawana. Kwa Waestonia ubongo ulitikisika sana kwa õ. Kwa Wafini ulitikisika kidogo kuliko ilivyotarajiwa, tena kidogo kuliko kwa ö, ingawa kwa mlio wenyewe õ iko mbali zaidi na e kuliko ö ilivyo. Sauti ile ile, mashine zile zile, utoto tofauti.

Na kuna la kukupa moyo. Wajapani watu wazima wamefundishwa r na l wakaboreka, na baada ya masikio kuboreka hata matamshi yao yakaboreka. Siri ilikuwa kuwasikilizisha maneno mengi kutoka kwa watu WENGI tofauti, na kuwaambia papo hapo umepata au umekosa. Fimbo haimo.

---

Mwana wa Mvita #10

Assalaam alaykum. Nyinyi wa bara mnamcheka Mura, nami ngoja niwacheke nyinyi nyote.

Tamkeni paa la nyumba. Haya, tamkeni paa wa porini, yule mnyama. Mumesema sawa, sivyo? Basi kwetu Mombasa hayo si maneno mawili yanayofanana. Ya nyumba ni kavu. Ya mnyama ina pumzi, p'aa, ukieka kiganja mbele ya mdomo wahisi upepo. Vivyo hivyo kaa la moto na k'aa wa baharini. Bibi yangu akimsikia mtu wa bara asema ala kaa wa kupaka, humuuliza: "Mwanangu, wala makaa?"

Wazee wa lugha wasema yale ya wanyama zamani yalikuwa na ng'ong'o mbele, mp, nk, ikaanguka ikawacha pumzi. Nyinyi mumeziangusha zote mbili.

Fundi, wewe mwenye masikio ya kazi, wazisikia?

---

Fundi wa Magodoro #11

Wa alaykum salaam. Sijui. Sijawahi hata kuambiwa zipo. Nitumie sauti.

---

Mama Pacha #12

Nimesoma yote mpaka hapa huku nanyonyesha. Pacha wangu wana miezi 8. Baba yao anataka wajue Kiingereza, kwa hiyo kutwa katuni za Kiingereza zinaimba sebuleni. Kwa hayo ya miezi sita mpaka mwaka, hizo katuni zinaingia kichwani au zinatulia umeme bure?

---

Fundi wa Magodoro #13

Zinakula umeme, mama. Kuhl tena, mwaka 2003. Watoto wa Marekani wa miezi 9 waliletewa mtu anayeongea Kichina, akae nao chini kwenye zulia, acheze nao, awasomee vitabu, vipindi 12 tu vya chini ya nusu saa. Mwisho wakapimwa kwa sauti za Kichina ambazo Kiingereza hakina: walizitenganisha vizuri kabisa. Kundi jingine wakaonyeshwa watu hao hao, maneno hayo hayo, ila kwenye televisheni. Hawakupata kitu. Sauti tupu bila picha, nako hakuna.

Baba yao akitaka Kiingereza akae chini na watoto aongee nao mwenyewe.

---

Mama Pacha #14

Nimempa simu asome. Kanyamaza.

---

Tabibu wa Zamu #15

Uzi mzuri, ila mleta mada umeteleza mahali. Kwenye #4 umesema upande wa maneno ni wa kushoto. Kwa hatua ya kuzipokea sauti za maneno, pande zote mbili zinafanya kazi. Kushoto kunazidi uzito ukienda mbele kwenye maana na sarufi, kwa watu wengi. Tunajua hilo kwa sababu kuna ugonjwa nadra, mtu anasikia vizuri lakini hasikii maneno, na mara nyingi huja pale matuta ya pande zote mbili yanapoumia.

La pili, tuliosoma zamani tulifundishwa kuwa sauti inafika kwanza Heschl, halafu inapanda ngazi kwenda kwenye maneno. Carl Wernicke alipoandika mwaka 1874, ana miaka 26, alitupa ramani nzuri, lakini ramani imebadilika. Mwaka 2021 Liberty Hamilton na kina Chang walitoa kazi kwenye jarida la Cell. Walipogusisha umeme kidogo kwenye kituo cha kwanza, wagonjwa walisikia milio isiyokuwepo, lakini waliweza kurudia maneno wanayoambiwa bila shida. Walipogusisha lile tuta la nje, watu wakashindwa kuyashika maneno, ingawa walikuwa wanasikia mtu anaongea. Kama ingekuwa ngazi, kuvuruga kidato cha chini kungevuruga cha juu. Kwa hiyo inaonekana njia ni zaidi ya moja na zinakwenda sambamba.

---

Fundi wa Magodoro #16

Nimenyooshwa, asante tabibu. Naiacha #4 ilivyo ili watu waone.

---

Jirani wa Kisima #17

Tabibu, huo ugonjwa uliotaja. Baba yangu alipata kiharusi cha pili mwaka juzi. Anasikia jogoo, anasikia pikipiki ya mjukuu ikikata kona, anaenda kufungua geti. Lakini ukimwambia "baba shikamoo nimekuja" anakutazama, anasema naongea kama wale wa redio za nje. Meseji anasoma vizuri, anajibu vizuri, hata matusi anaandika. Kuna ndugu wakasema anajifanya. Mama ndiye aliyeanza kumwandikia kwenye daftari la maziwa.

---

Tabibu wa Zamu #18

Pole sana. Siwezi kumpima mtu jukwaani, lakini ulichoeleza si maigizo, kinaelezeka. Mpelekeni kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na mumwambie hivyo hivyo ulivyoandika hapa: jogoo, pikipiki, meseji. Msiseme tu "hasikii", maana atapelekwa kupimwa masikio, masikio yataonekana mazima, mtarudishwa nyumbani. Daftari la maziwa liendelee. Na mkiongea naye akae anawaona midomo. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba macho yanaingia kwenye kusikia kabisa: sauti ya "ba" ukiipachika kwenye mdomo unaosema "ga", watu wengi wanasikia "da".

---

Kisiki cha Mpingo #19

Na mimi nina swali la kijinga. "Amekuja." na "Amekuja?" Maneno ni yale yale, herufi zile zile. Mke wangu anajua nauliza au namsuta kwa njia gani?

---

Fundi wa Magodoro #20

Kiimbo, mkuu, na si la kijinga. Mwaka 2017 Claire Tang na wenzake (San Francisco tena, hawa watu hawalali) walikuta kwenye tuta hilo hilo visehemu vinavyofuata kupanda na kushuka kwa sauti, bila kujali maneno gani wala nani anasema. Jirani zake vinafuata maneno bila kujali kiimbo. Wala havipimi unene au wembamba wa sauti wenyewe, vinapima umepanda kiasi gani kulinganisha na kawaida yako wewe. Ndiyo maana swali la mzee wa besi na swali la mtoto yote ni maswali.

Na wale mnaouliza inbox kuhusu daladala, konda anapiga kelele, redio inapiga kelele, wewe unamsikia aliye pembeni yako: kazi ya Mesgarani na Chang ya 2012. Sauti mbili kwa pamoja masikioni, ubongo kwenye tuta hilo unaonyesha ile moja unayoifuata, nyingine imefifia karibu kama haipo.

---

Mwana wa Mvita #21

Sauti nimekutumia. Ishirini, nimezichanganya, paa na p'aa. Andika kila moja ni ipi, kisha nikupe majibu.

---

Fundi wa Magodoro #22

Nimepata 11 kati ya 20. Ningerusha shilingi ningepata hizo hizo.

Kinachoniua ni hiki. Nikazifungua kwenye skrini. Paa la nyumba: mlipuko wa p, na irabu inaanza karibu palepale. Paa wa porini: mlipuko, halafu vumbi la pumzi kama milisekunde 60, ndiyo irabu ianze. Tofauti iko wazi kama mchana, naipima kwa rula. Nikizitazama nazipanga zote 20 bila kosa. Nikizima skrini zinakuwa neno moja.

Mura, naomba radhi kwa niaba ya darasa lako.

---

Mura wa Mpakani #23

Hahaha! Fimbo iko wapi?

---

Fundi wa Magodoro #24

Mrejesho, wiki tatu baadaye. Nilikuwa nafanya mazoezi kila asubuhi kwa sauti za Mwana wa Mvita, umepata, umekosa, umepata. Nikafika 17 kati ya 20, nikajiona mswahili wa Mji wa Kale. Jana akanitumia sauti za shangazi yake badala ya zake. Nikashuka 12.

---

Mwana wa Mvita #25

Shangazi asema si bure, kila sauti ni kikombe cha kahawa. Na ana dada zake wanne.

---

Mura wa Mpakani #26

Mimi nimempata mke wangu, dada zake, na mwalimu mmoja mstaafu wa hapa mtaani. Wananirekodia kula na kura. Jana 14 kati ya 20.